UZITO WA MAMA NA UZAZI WAKE

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, waalimu na wanakijiji



Leo hatukuja kuwaeleza habari za barabara, wala za mbegu, wala za mifugo. Tumekuja na jambo ambalo wengi hudhani ni la wanawake peke yao, na kwa sababu hiyo halitajwi barazani. Jambo lenyewe ni uzito wa mwili wa mwanamke, na jinsi unavyomfaa au unavyomdhuru wakati wa kuchukua mimba na wakati wa kuzaa. Nasi twasema ya kuwa jambo hili ni la nyumba nzima. Maana chakula cha mwanamke hutoka katika ghala ya nyumba, na kazi anayoifanya ni kazi ya nyumba, na mtoto akizaliwa salama, furaha ni ya nyumba. Na akifa, msiba ni wa nyumba.

Hotuba yetu ilianza na swali la bibi mmoja. Tulikuwa katika dispensari ya kijiji, siku ya kupimwa waja wazito. Bibi huyo alikuja akimsindikiza mke wa mwanawe, mwenye mimba ya miezi saba. Mkunga alimpandisha yule binti juu ya mizani, akatazama kadi yake, akaona kwamba tangu mwezi uliopita uzito wake haukuongezeka hata kidogo. Akasema kwa adabu, "Bibi, huyu mkweo yafaa ale zaidi." Bibi akatabasamu, akajibu, "Mjukuu wangu, mimi nimezaa watoto saba. Mwanamke mwenye mimba akila sana, mtoto huwa mkubwa tumboni. Basi mkimlisha ninyi, siku ya uchungu nani atamzaa mtoto huyo?"

Hatukulicheka swali hilo, wala ninyi msilicheke. Bibi yule hakumnyima mkwewe chakula kwa uchoyo. Alimnyima kwa kumpenda. Katika maisha yake amewaona wanawake waliokaa na uchungu siku mbili na siku tatu, wakafa na mtoto ndani. Hofu yake ni ya kweli, bali dawa aliyoichagua si dawa. Tutaeleza sababu.

Kwanza yafaa tujue uzito unaoongezeka kwa mama huenda wapi. Watu wengi hudhani ni mtoto tu, au ni mafuta tu. Sivyo. Mwanamke mwenye mwili wa kadiri, akila vizuri, huongezeka karibu kilo 12 mpaka siku ya kuzaa. Katika hizo, mtoto mwenyewe ni kilo 3 na zaidi kidogo. Kondo la nyuma, ambalo ndilo limletealo mtoto chakula na hewa, ni zaidi ya nusu kilo. Maji anamoelea mtoto ni karibu kilo moja kasoro kidogo. Mji wa mimba wenyewe hukua ukaongezeka karibu kilo moja. Matiti huongezeka. Damu ya mama huongezeka kilo moja na zaidi, na maji mengine ya mwilini huongezeka pia. Kisha hubaki kilo 3 au zaidi za mafuta, nayo ni akiba iliyowekwa na mwili kwa ajili ya kunyonyesha, kama vile mkulima awekavyo nafaka kwa ajili ya miezi ya palizi.

Basi mama anapokosa kuongezeka, si mtoto peke yake anayepungukiwa. Damu hupungua, kondo hudhoofika, na akiba ya maziwa huliwa kabla ya siku yake.

Sasa tuwape mifano miwili, mmoja wa mbali na mmoja wa Afrika.

Mfano wa kwanza ni wa nchi ya Uholanzi. Katika vita kuu ya pili, mwishoni mwa mwaka 1944, jeshi la Ujerumani lilizuia chakula kisiingie katika miji ya magharibi ya nchi hiyo. Baridi ilikuwa kali, na posho ya mtu mzima katika mji wa Amsterdam ikapungua hata ikawa chini ya nusu ya haja ya mwili. Watu kiasi cha 20,000 walikufa. Njaa hiyo ilikwisha Mei 1945 nchi ilipokombolewa. Baadaye matabibu walitazama daftari za hospitali, wakaona kwamba watoto ambao mama zao walipatwa na njaa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba walizaliwa na uzito uliopungua gramu 300 hivi. Walakini wale ambao mama zao walipata njaa katika miezi ya kwanza, kisha wakapata chakula, walizaliwa na uzito wa kawaida. Bali walipokuwa watu wazima, maradhi ya moyo yalionekana kwao zaidi kuliko kwa wenzao. Tunajifunza hapa mambo mawili: kwamba njaa ya mama humfikia mtoto upesi, na kwamba alama yake yaweza kukaa miaka hamsini.

Mfano wa pili ni wa Gambia, katika Afrika ya Magharibi, nao unatufaa zaidi kwa sababu watu wa huko ni wakulima kama sisi. Huko mvua hunyesha toka Juni hata Oktoba, na miezi hiyo ndiyo ya kazi nyingi shambani, na ndiyo miezi ambayo ghala zimekwisha. Wataalamu walichagua vijiji 28. Katika baadhi ya vijiji, kila mwanamke mwenye mimba alipewa biskuti kila siku tangu mimba ilipofika nusu hata siku ya kuzaa. Biskuti hizo zilitengenezwa kwa karanga zilizokaangwa, unga wa mchele, sukari na mafuta ya karanga; si dawa, ni chakula. Katika vijiji vingine wanawake walipewa biskuti hizo hizo baada ya kuzaa. Kazi hiyo ilichukua miaka 5, na habari zake zilichapishwa mwaka 1997.

Matokeo yalikuwa haya. Watoto wa mama waliokula biskuti wakati wa mimba walizidi kwa gramu 136 kwa wastani. Na katika miezi ya njaa walizidi kwa gramu 201. Watoto waliozaliwa wamekufa, na wale waliokufa katika juma la kwanza, walipungua kwa karibu nusu. Na vichwa vya watoto je? Mzunguko wa kichwa uliongezeka milimita 3 tu. Basi hapo ndipo jibu la yule bibi lilipo. Chakula hakikufanya vichwa vya watoto kuwa vikubwa vya kuziba njia. Kiliwafanya watoto wawe na nguvu ya kuishi.

Labda mtu atauliza, "Ikiwa si chakula, kwa nini basi wanawake wengine hushindwa kuzaa?" Sababu kubwa ni mifupa ya nyonga. Mtoto hupita katikati ya mifupa hiyo, nayo haikui wakati wa mimba kwa mwanamke mzima. Hukua tangu utoto mpaka usichana. Msichana aliyelelewa kwa njaa na maradhi huwa mfupi, na nyonga zake huwa nyembamba. Msichana aliyechukua mimba akiwa na miaka 14 au 15, nyonga zake bado hazijamaliza kukua. Ndiyo sababu wakunga humtazama kwa uangalifu mwanamke ambaye kimo chake hakifiki sentimita 150, na msichana mwenye umri mdogo, wakawaagiza wazae hospitalini ambako kuna daktari wa kupasua. Kwa hiyo, anayeogopa uchungu mrefu na amlishe binti yake vizuri tangu utotoni, tena asimwoze kabla ya wakati. Kumnyima chakula akiwa tayari na mimba ni kuziba jicho baada ya jeraha.

Tena mtoto mdogo si mtoto rahisi. Mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2 na nusu huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Huyu hupoa upesi, hunyonya kwa shida, na maradhi humshinda upesi. Akizaliwa hivyo, avuliwe nguo, alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, anyonyeshwe mara nyingi, na apelekwe kwa mganga wa hospitali bila kukawia, akiwa hapo hapo kifuani.

Hayo ni ya upungufu. Sasa tutazame upande wa pili, maana mizani ina pande mbili.

Katika nchi zetu mwanamke mnene husifiwa. Watu husema mumewe amemtunza, na mwembamba huonewa huruma. Zamani, njaa ilipokuwa karibu kila mwaka, sifa hiyo ilikuwa na maana. Walakini siku hizi mambo yamegeuka. Katika hesabu iliyofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016, kati ya wanawake 100 wenye umri wa kuzaa, 10 walikuwa wembamba kupita kiasi, na 28 walikuwa na uzito uliozidi. Basi shida zote mbili zipo, pengine katika kijiji kimoja, hata katika nyumba moja.

Mwanamke mwenye uzito uliozidi sana hupatwa na hatari hizi zaidi kuliko wengine. Kwanza, presha ya damu hupanda, na ikifuatwa na kifafa cha mimba huweza kumwua mama na mtoto. Pili, hupata ugonjwa wa sukari wakati wa mimba. Tatu, mara nyingi hulazimika kupasuliwa, na kidonda chake huchelewa kupona. Nne, hutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, au damu yake huganda katika mishipa ya miguu. Tena mtoto wake yuko katika hatari zaidi ya kufia tumboni.

Katika habari ya sukari, hofu ya yule bibi ina ukweli wake. Sukari ikizidi katika damu ya mama, hupita katika kondo ikamfikia mtoto. Mtoto naye huigeuza kuwa mafuta, hasa katika mabega na kifua. Siku ya kuzaliwa kichwa hutoka, kisha mabega hukwama, na hapo dakika ni chache. Kwa hiyo ni kweli kwamba mtoto aweza kuwa mkubwa kupita njia yake. Walakini sababu yake si maharagwe wala karanga alizokula mwanamke mwembamba. Sababu ni sukari ya mama isiyopimwa.

Sasa mtajuaje kama mwanamke ni mwembamba kupita kiasi, au wa kadiri, au mnene kupita kiasi? Macho hudanganya. Matabibu hupima uzito na kimo pamoja. Tuchukue mwanamke mwenye kimo cha sentimita 160, kabla hajachukua mimba. Akiwa chini ya kilo 47, ni mwembamba kupita kiasi. Toka kilo 47 hata 64, ni wa kadiri. Akipita 64, uzito umezidi. Akipita 77, umezidi sana. Aliye mfupi zaidi, kilo zake hupunguzwa. Na aliye mrefu, huongezwa.

Wataalamu wa Marekani waliweka mwaka 2009 kiasi cha kuongezeka wakati wote wa mimba ya mtoto mmoja, na nchi nyingi hukitumia. Mwembamba aongezeke kilo 12 na nusu mpaka 18. Wa kadiri, kilo 11 na nusu mpaka 16. Aliyezidi, kilo 7 mpaka 11 na nusu. Aliyezidi sana, kilo 5 mpaka 9. Angalieni ya kuwa hata huyo wa mwisho hakuambiwa apungue. Wakati wa mimba si wakati wa kujikondesha. Mwenye kutaka kupunguza uzito na apunguze kabla ya kuchukua mimba. Akiwa nayo, na apunguze soda, maandazi, chai yenye sukari nyingi na mafuta mengi, bali asipunguze mboga, maharagwe, samaki wala matunda.

Watu husema mwenye mimba hula kwa ajili ya watu wawili. Neno hili nalo halina budi kurekebishwa. Katika miezi mitatu ya kwanza hahitaji kuongeza chakula, ila achague chakula chema. Baada ya hapo huhitaji nyongeza ndogo: kwa mfano bakuli moja la uji na konzi moja ya karanga kila siku, juu ya chakula chake cha kawaida. Haba na haba hujaza kibaba. Pamoja na hayo ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki, wala asidhani udongo unaoliwa na wengi utamjenga. Udongo humpa minyoo na kumpunguzia damu.

Neno moja la kuonya. Uzito ukipanda ghafula katika siku chache, na uso na mikono vikavimba, na kichwa kikauma sana, na macho yakaona kiwi, hiyo si afya. Ni maji yaliyojaa mwilini kwa sababu ya presha. Dalili ya mvua ni mawingu. Mwanamke huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa usiku, hata ikiwa baiskeli ndiyo chombo pekee kilichopo.

Kwa hiyo twawaomba wanawake waende kliniki mapema, kabla mimba haijapita majuma 12, maana uzito wa mwanzo usipojulikana, nyongeza haiwezi kuhesabiwa. Shirika la Afya la Dunia liliagiza mwaka 2016 kwamba mwenye mimba aonane na mkunga au tabibu mara 8 mpaka kuzaa. Na mwanamke mwenye mkono mnene asione haya kuomba apimwe presha kwa kitambaa kipana, kwa kuwa kitambaa chembamba kikifungwa katika mkono mnene hutoa hesabu ya uongo.

Tunarudi sasa kwa bibi yetu. Mkunga alimweleza mengi ya hayo tuliyowaeleza ninyi, kwa maneno machache. Bibi akanyamaza kitambo, akamtazama mkwewe, kisha akauliza swali la pili. Akasema, "Vema, mjukuu wangu, nimesikia. Na hicho chakula, mwezi huu, kitatoka wapi?"

Swali hilo ndilo lililotuleta hapa. La kwanza mkunga aliweza kulijibu. Hili la pili hawezi, kwa maana chakula hakikai katika dispensari. Hili ni la kwenu.

Wanaume, katika nyumba nyingi wageni na waume hula kwanza, watoto wakafuata, na mama akakwangua sufuria. Mwenye mimba apakuliwe pamoja na wengine, naye apewe fungu la maharagwe au dagaa, si mchuzi mtupu. Wakati wa kuuza mazao, msiuze karanga zote na maharagwe yote. Wekeni debe moja kwa ajili ya miezi ya palizi kama mnajua nyumbani kuna mimba. Na kazi nazo mzitazame. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane anayebeba ndoo ya maji toka bondeni na kulima mchana kutwa, chakula chote alichokula huishia katika jembe, kisimfikie mtoto. Kijana mwenye baiskeli aweza kuleta maji hayo. Tena mpe mama nafasi ya miaka 2 kabla ya mimba nyingine, ili mwili wake urudishe ulichotoa.

Waalimu, wasichana mlio nao darasani leo ndio watakaozaa kesho. Wafundisheni habari za chakula bora, tena walindeni wasikatishwe masomo kwa ndoa.

Machifu na wazee, twawaomba mambo mawili tu. Hakikisheni ya kuwa mizani ya dispensari yenu ni nzima, kwa kuwa mizani mbovu ni sawa na shahidi mwongo. Na itakapofika miezi ya njaa, ulizeni barazani, bila haya, ni nyumba zipi zenye mimba na ghala tupu. Kijiji kikijua, kijiji hutafuta njia. Kisipojua, kila nyumba hufa na lake.

Wazee wetu walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ni kweli. Lakini kilo za mama zaweza kujulikana na watu wote, ziko katika kadi, zimeandikwa kwa tarakimu. Mtakaporudi nyumbani jioni hii, ombeni mwonyeshwe kadi hiyo, mwisome. Kisha mtazame sufuria.

Hayo ndiyo tuliyokuja kuwaambia.